Kupamba Keki kwa Anayeanza: Mkono Kwanza, Vyombo Baadaye

Maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa ili yasomwe na Makatibu mbele ya wanachama wa vyama vya Nyakanazi na vijiji vya jirani, katika wilaya za Biharamulo na Ngara.



Huenda mwanachama akauliza: keki yaingiaje katika jarida la watu wa kahawa, mahindi na maharage? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Keki imekwisha kuingia katika nyumba za wanachama. Lililobaki ni kuamua fedha yake itakaa wapi.

Nyakanazi ni njia panda. Hapo magari yatokayo Kahama hugawanyika: mengine hushika njia ya Kibondo na Kasulu hadi Kigoma, na mengine huelekea upande wa Ngara hadi daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Penye njia panda pana watu, na penye watu pana sherehe. Kuna ubatizo na kipaimara, kuna mahafali ya shule, kuna kumwaga binti na harusi yenyewe. Aghalabu sherehe za namna hiyo siku hizi hutaka keki juu ya meza. Asipopatikana wa karibu anayeweza kuipamba, keki huagizwa Kahama au Mwanza, na fedha ya mavuno hupanda gari pamoja na agizo hilo.

Hata hivyo, kazi hii ina hatari mbili ambazo yafaa zitajwe mapema. Ya kwanza ni kwamba siku ya sherehe hairudiwi. Gunia la mahindi likikutwa na kasoro hupepetwa tena; keki ya harusi ikiporomoka saa nane mchana haina dawa, na jina la aliyeitengeneza huporomoka nayo. Hatari ya pili ni mkopo. Mwanachama huona picha za keki za orofa tano, akavutiwa, akakopa katika chama chake cha akiba na mikopo, akanunua mashine, mabati ya kila umbo na midomo ya kupambia arobaini, kabla mkono wake haujaweza kusawazisha krimu juu ya keki moja ya kawaida. Vyombo hukaa kabatini, na marejesho hudaiwa kila mwezi.

Kwa hiyo shabaha ya mazungumzo haya ni moja: anayeanza ajifunze njia nne nyepesi, kwa vyombo vilivyomo jikoni mwake, na avinunue vyombo vingine kwa fedha itakayoletwa na mkono wake mwenyewe.

KEKI YENYEWE

Pambo halikuwekwa ili lifiche keki mbaya. Keki iliyoungua chini au kudidimia katikati itasemwa mara kisu kitakapopita. Iwapo keki imeokwa kwa tanuri la umeme, au kwa sufuria iliyowekewa mkaa chini na kupaliwa mkaa juu ya mfuniko, sharti ni lile lile: ipoe kabisa kabla ya kuguswa na pambo lolote. Siagi huyeyuka katika joto lililo chini ya lile la mwili wa mtu. Basi keki iliyo vuguvugu huila krimu yote, nayo huteleza hadi sahanini. Ni bora keki iokwe jioni, ifunikwe kwa kitambaa safi ikishapoa, ipambwe asubuhi.

Asubuhi, kilele kilichovimba hukatwa kwa kisu kirefu chenye meno mpaka keki iwe sawa, kisha keki hugeuzwa chini juu. Ule upande uliokuwa kwenye bati ndio ulio bapa na usio na makombo mengi. Huo ndio uwe uso wake. Makombo hufutwa kwa brashi laini au kwa kitambaa kikavu. Ubao wa keki ukiwekwa juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi, huzungushwa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipamba. Hiyo ndiyo meza ya kuzungusha ya anayeanza, wala haina gharama.

SUKARI YA UNGA

Njia zote nne hutegemea sukari ya unga, ile iliyo laini kama poda. Ikikosekana dukani, mwanachama aweza kuitengeneza kwa sukari ya kawaida. Sukari kikombe kimoja husagwa katika mashine ya kusagia viungo, au hutwangwa katika kinu kikavu kisichotwangiwa vitunguu wala pilipili. Huongezwa kijiko kimoja kikubwa cha wanga wa mahindi ili isigande, kisha huchekechwa mara mbili, na mara ya pili iwe kwa kitambaa chembamba. Chembe moja iliyosalia yatosha kuziba tundu la koni katikati ya jina la bibi harusi.

NJIA YA KWANZA: KARATASI ILIYOKATWA

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na haikosi heshima. Karatasi safi hukatwa duara ya ukubwa wa keki, hukunjwa mara tatu, kisha hutobolewa kwa mkasi maumbo ya majani, nyota au pembetatu. Ikikunjuliwa huwekwa juu ya keki, na sukari ya unga huchekechwa juu yake kwa chujio la chai. Karatasi huinuliwa wima, bila kuburutwa, na maua meupe hubaki juu ya keki ya kahawia. Keki ikiwa nyeupe, hutumika unga wa kakao. Pambo hili hufanywa muda mfupi kabla ya keki kupelekwa mezani, kwa sababu unyevu hula sukari.

NJIA YA PILI: UJI WA SUKARI

Sukari ya unga gramu 200 hukorogwa na vijiko viwili vikubwa vya maji au maji ya limau, kidogo kidogo. Kipimo chake ni hiki: kijiko kikiinuliwa, uji utiririke kama utepe, na alama ya utepe huo ionekane juu ya bakuli kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Alama ikitoweka upesi, uji ni mwepesi, na huongezewa sukari. Uji usipotiririka ni mzito, na huongezewa tone la maji. Humiminwa katikati ya keki na kuachwa ushuke wenyewe pembeni.

Hapa wanachama wa mkoa wa Kagera wana mali yao. Maji yakibadilishwa kwa kahawa nzito iliyochujwa na kupoa, uji hupata rangi ya kahawia na ladha isiyohitaji kununuliwa katika kichupa. Karanga zilizokaangwa na kupondwa zikinyunyizwa ukingoni kabla uji haujakauka, keki imekamilika, na karibu kila kilichomo kimetoka mkoani.

NJIA YA TATU: KRIMU YA SIAGI

Siagi au majarini gramu 250 hupigwa kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Sukari ya unga gramu 500 huongezwa kwa awamu nne, kisha vijiko viwili vya maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Kiasi hiki chatosha kuunganisha na kufunika keki ya matabaka mawili yenye upana wa sentimita 20. Siku za jua kali, nusu ya siagi hubadilishwa kwa mafuta magumu ya mboga, maana hayalegei upesi.

Krimu hupakwa mara mbili. Mara ya kwanza hupakwa kidogo sana, kiasi cha kushika makombo tu, na keki huachwa mahali penye ubaridi kwa nusu saa. Wengi hupuuza hatua hii, na ndiyo sababu keki zao huonekana kama ukuta uliopigwa lipu yenye kokoto. Mara ya pili krimu hupakwa kwa wingi na kusawazishwa kwa kisu butu kilichochovywa katika maji ya moto na kufutwa. Kisu kisimame wima pembeni bila kusogea. Kinachozunguka ni keki.

Mkono usipoweza bado kulainisha kabisa, usilazimishwe. Uma ukipitishwa kuzunguka ubavu wa keki huacha mistari iliyonyooka. Mgongo wa kijiko ukigongwa gongwa juu huacha mawimbi. Mistari iliyokusudiwa ni pambo, ilhali ulaini uliokaribia kufika ni kasoro.

NJIA YA NNE: KONI YA KARATASI

Baadhi ya wapambaji walizoea kukata pembe ya mfuko wa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo awali haikuwa chombo safi cha chakula. Koni ya karatasi ya kuokea yafaa zaidi. Karatasi ya pembe nne hukatwa kutoka pembe hadi pembe kupata pembetatu mbili. Pembetatu moja husokotwa mpaka ncha ifungane, na mdomo wa juu hukunjwa ndani ili isifunguke. Krimu hujazwa mpaka nusu tu, juu hufungwa, na ncha hukatwa kidogo sana kwa mkasi.

Mazoezi hufanywa juu ya sahani iliyogeuzwa, na krimu hukwanguliwa na kurudishwa ndani ya koni, hivyo hakuna kinachopotea. Kwanza ni nukta: koni isimame wima, ibanwe, mkono uache kubana, ndipo koni iinuliwe. Anayeinua kabla ya kuacha kubana hupata nukta yenye mkia. Pili ni mstari: ncha isiguse sahani, bali uzi wa krimu uachwe uanguke kama uzi kweli. Tatu ni kome: koni ilale, ibanwe mpaka krimu ivimbe, ivutwe huku mbano ukipungua, na kome wa pili aanzie juu ya mkia wa wa kwanza. Mwenye kuzimudu nukta, mistari na kome ana ukingo wa keki yoyote itakayoagizwa.

Maandishi huja mwisho, na hayo ndiyo huleta aibu kubwa. Jina lisiandikwe kwa kusikia. Mteja aliandike mwenyewe katika daftari la maagizo, kwa herufi kubwa, atie sahihi. Mpambaji naye aliandike kwanza juu ya karatasi yenye upana wa keki ili aone kama herufi zote zitaenea, kisha atoboe alama nyepesi juu ya krimu kwa kijiti cha meno, ndipo aipitishe koni. Lau jina ni refu kuliko keki, ni afadhali kuandika herufi mbili za kwanza za maarusi kuliko kubana herufi za mwisho ukingoni.

RANGI NA USALAMA

Rangi ichukuliwe kwa ncha ya kijiti, kamwe isimiminwe. Nyekundu na buluu huzidi kukolea krimu ikikaa. Manjano kidogo ya unga hutoa rangi ya dhahabu, maji ya kiazi chekundu cha bitiruti hutoa waridi, kakao na kahawa hutoa kahawia. Keki moja yatosheka na rangi mbili pamoja na nyeupe.

Jambo la usalama si la kupita nalo haraka. Kuna unga wa kung'aa uuzwao kwa ajili ya mapambo ya karatasi na vitambaa, nao haukukusudiwa kuliwa. Mwaka 2021 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa taarifa ya watoto waliougua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa namna hiyo katika jimbo la Rhode Island mwaka 2018. Unga huo ulikuwa na shaba nyingi. Chombo kisicho na maandishi kwamba chaliwa, pamoja na orodha ya vilivyomo, kisiguse keki.

Vivyo hivyo kwa ute wa yai. Sukari iliyopigwa kwa ute wa yai hukauka ikawa ngumu, na wapambaji wa Ulaya wameitumia tangu zamani. Keki ya harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza, mwaka 1840, ilikuwa ya uzito wa pauni 300 hivi, nayo ilivikwa sukari nyeupe. Lakini yai bichi laweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na wageni wa ubatizo ni pamoja na watoto wachanga, wajawazito na wazee. Anayeanza asitumie ute mbichi. Uji wa sukari uliofanywa mzito hutosha kwa kazi hiyo hiyo. Maua ya bustani nayo yasichomekwe katika keki ila yale yanayojulikana kwa hakika kuwa hayana sumu na hayakupuliziwa dawa.

SAFARI YA KEKI

Keki ikienda kijijini, mtikisiko ni adui kuliko jua. Ubao wa keki ubandikwe kwa tone la krimu ili keki isiteleze, na kitambaa chenye unyevu kiwekwe chini ya sanduku. Ndani ya gari sanduku likae sakafuni, kwa kuwa kiti cha gari kimeinama nyuma. Kwa pikipiki, keki iliyokwisha kupambwa isipandishwe kabisa. Matabaka yapelekwe yakiwa yamepakwa krimu ya kwanza tu, pamoja na bakuli la krimu na koni tatu, na pambo limaliziwe huko huko saa mbili kabla ya sherehe.

HESABU

Sasa yafuata yaliyo ya Katibu. Ichukuliwe kwa mfano keki ambayo vitu vyake vimegharimu shilingi 18,000, mkaa shilingi 2,000, na sanduku pamoja na ubao shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 22,000. Mpambaji akiiuza shilingi 25,000 husema amepata faida ya shilingi 3,000. Lakini alifanya kazi saa nne. Basi amejilipa shilingi 750 kwa saa, na bado hajaweka akiba kwa ajili ya keki itakayoungua wiki ijayo. Iwapo angejikadiria shilingi 2,000 kwa saa, kazi ingekuwa shilingi 8,000, na jumla shilingi 30,000. Akiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya hasara, bei ya haki ni shilingi 33,000. Bei hizo ni za kufundishia tu. Kila mmoja aweke zake za siku hiyo. Lililo muhimu ni mpango wa hesabu: vitu, moto, sanduku, saa za kazi, akiba ya hasara. Pambo ni saa za kazi, na saa zisipoandikwa daftarini mteja hupewa bure.

Nusu ya bei ilipwe siku ya kuagiza. Sharti hilo halionyeshi kutoaminiana. Ndilo linalomwezesha mwanachama kununua mayai na siagi bila kukopa.

CHAMA KIFANYE NINI?

Chama hakihitaji bajeti kubwa. Kwanza, chaweza kununua seti moja ya pamoja: mizani, mabati matatu, kisu chenye meno, kisu bapa na midomo mitano ya kupambia. Seti hiyo iandikwe katika daftari la mali, iazimwe kwa sahihi, irudishwe ikiwa safi. Pili, kabla mwanachama hajapewa mkopo wa vyombo vya keki, Kamati yaweza kumwuliza mambo mawili tu: keki ngapi amekwisha kuziuza kwa vyombo vya jikoni, na daftari lake lasemaje? Asiye na jibu atakuwa ameokolewa na deni, hakunyimwa haki. Tatu, wanachama wanaojua wakutane na wasiojua mara moja kwa mwezi, kila mmoja na sahani yake iliyogeuzwa na koni yake ya karatasi.

Ipo siku inayofaa kuwa mtihani wa kazi hiyo. Tangu mwaka 1923 wanaushirika wa dunia huadhimisha siku yao, nayo huangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai. Wajifunzao wakianza leo, siku hiyo itakapofika meza ya chama yaweza kuwa na keki ya tabaka moja, iliyopakwa krimu ya kahawa, yenye ukingo wa kome, na neno moja tu juu yake: USHIRIKA. Ni herufi nane. Zikikaa sawa, wageni wataona bila kuambiwa kwamba keki haikushuka kwenye gari la Kahama.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpambaji wa Nyakanazi ambaye keki yake ni safi, imenyooka, na ina jina lililoandikwa bila kosa, hatahitaji kujitembeza. Walioila ndio watakaomtangaza, na kila agizo litakaloletwa naye litabakiza fedha pale ilipolimwa.